Picha ziandikwe mgongoni jinsi zilivyotengenezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nami nichangie mjadala ulioanzishwa na msomaji mmoja wiki mbili zilizopita, aliyeandika kwamba wachoraji wa Dar es Salaam wanaotumia vishikwambi na kompyuta wanaiua sanaa ya Tingatinga, yaani ule uchoraji wa wanyama kwa rangi za kung'aa ulioanzishwa na Edward Tingatinga, na kwamba kazi zao zisiruhusiwe kutundikwa pamoja na picha za mkono. Mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Nimechora kwa rangi ya mafuta kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa miaka sita sasa picha zangu nyingi huanzia kwenye kishikwambi kabla ya kuhamia kwenye kanvasi. Ninamheshimu msomaji huyo, kwa kuwa uchungu alionao ni wa mtu anayeipenda kazi hii, na sehemu ya malalamiko yake ni ya kweli kabisa. Hata hivyo, kanuni anayoipendekeza, ambayo baadhi ya kamati za maonyesho zimekwisha kuanza kuitumia, inawaadhibu wachoraji wanaosema kweli na kuwaacha wanaodanganya waendelee na biashara yao, na hilo ndilo ninaloomba tulitazame kwa makini.

Nieleze jambo lililonipata, maana ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Mwaka jana nilipeleka picha moja katika maonyesho ya hapa mjini. Fomu ya maombi ilikuwa na swali: je, katika kutengeneza kazi hii umetumia kompyuta au kifaa chochote cha kidijitali? Nilijibu ndiyo, nikaeleza kwa mistari mitatu kwamba mchoro wa awali niliutengeneza kwenye kishikwambi, nikaumulika kwenye kanvasi kwa projekta, kisha nikapaka rangi zote kwa brashi kwa muda wa siku kumi na moja. Picha ilirudishwa. Nilielezwa kwa upole kwamba kamati imeamua kupokea kazi za mkono peke yake, na sikuwa na neno, kwa kuwa kamati ina haki ya kuchagua. Siku ya ufunguzi nilikwenda kama mtazamaji wa kawaida, nikaona ukutani picha ya twiga watatu chini ya mbuyu, nzuri kwa mbali, ambayo nilipoitazama kwa upande dhidi ya mwanga wa dirisha niligundua kuwa uso wake wote ulikuwa bapa kama karatasi ya kalenda, isipokuwa vitone vichache vyeupe na sahihi iliyowekwa kwa brashi. Picha ile ilikuwa imetoka kwenye printa. Aliyeileta alijibu hapana katika swali lile lile nililojibu ndiyo, naye akapokelewa.

Msomaji wetu ametumia neno asili mara kadhaa katika barua yake. Neno hilo lina uzito, na kwa sababu hiyo yafaa tukumbuke asili yenyewe ilikuwaje. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuchora kwa udongo mwekundu wala kwa majivu. Alichora juu ya mabodi ya kiwandani, yale yanayofungiwa dari, yaliyokatwa kwa vipimo vya futi mbili kwa mbili, na rangi yake ilikuwa ya kopo, ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli na milango. Bodi na rangi zote mbili zilikuwa vifaa vya ujenzi na ufundi vya mji unaokua, na yeye aliyekuwa akifanya vibarua mjini alizitambua kama vitu vinavyoweza kubeba chui, ndege na pweza wake. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay, kwa wageni waliokuja kununua mahitaji yao ya nyumbani. Alipouawa kwa risasi ya polisi kwa makosa mwaka 1972 alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Alichowaachia akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Simon Mpata na wengine waliomfuata kilikuwa namna ya kumwona mnyama na utaratibu wa kuipanga rangi, tabaka juu ya tabaka, na utaratibu huo ulibaki hata mabodi yalipovipisha vitambaa, kwa sababu kitambaa mgeni anaweza kukikunja kama mkeka na kukitia kwenye begi lake. Sijasikia mtu akisema kwamba kuhama kutoka bodi kwenda kitambaa kulikuwa kifo cha sanaa hii.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, katika kibanda chake kule Msasani, na alinifundisha kama alivyofundishwa yeye. Kwa miezi miwili sikuruhusiwa kugusa kitambaa kizima. Nilipewa vipande vya pembeni na kopo la rangi nyeupe, nikaweka vitone. Brashi ichovywe ncha tu, iguse kitambaa mara moja, inyanyuliwe wima; ukiiburuta kidogo kitone kinakuwa mkia, na ukichovya sana kinamwagika na kuungana na jirani yake. Baada ya vitone ndipo nikafundishwa ardhi ya picha, yaani ile rangi ya nyuma inayoanza na njano chini na kuingia taratibu kwenye rangi ya chungwa hadi nyekundu juu, ambayo husuguliwa kwa kipande cha kitambaa laini kabla haijashika, ili mtu asione mahali njano inapoishia. Kisha picha hulazwa hadi kesho yake. Mnyama huchorwa kwanza akiwa kivuli cha rangi moja, analazwa tena, ndipo huwekewa madoa, kisha vitone ndani ya madoa, na mwisho kabisa mstari wa kumzunguka na nukta nyeupe ya jicho. Mjomba alikuwa akisema, "Mwanangu, rangi ya chini ikiwa mbichi itaila ya juu," na kweli huila: nyeupe uliyoiweka juu ya nyekundu ambayo haijakauka inageuka waridi chafu ndani ya saa moja, na hapo dawa yake ni kitambaa chenye petroli na kuanza upya.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kishikwambi hakikuniondolea hata moja kati yake. Mtu asiyewahi kukitumia anadhani kwamba kinachora chenyewe, ilhali kwangu mimi kinafanya kazi ya daftari kubwa lisiloisha kurasa. Picha iliyorudishwa ilikuwa ya mnada wa samaki pale Feri wakati wa alfajiri, na ndani yake kuna watu hamsini na watatu, nimewahesabu, pamoja na ndoo, mizani, matenga, kolekole, pweza na paka. Kwa utaratibu wa zamani ningewapanga watu hao moja kwa moja kwenye kitambaa kwa penseli, na kosa la kumweka dalali mahali pasipofaa ningeligundua nikiwa nimeshapaka rangi nusu ya umati. Kwenye kioo cha kishikwambi niliweza kumchukua dalali nikamsogeza kutoka kushoto hadi katikati, nikampandisha juu ya meza, nikamgeuza aangalie baharini, na kuona kila mara jinsi umati wote unavyobadilika kwa sababu yake. Nilifanya mipangilio ipatayo arobaini kabla ya kuridhika. Programu zenyewe zinafanya kazi kwa tabaka, ardhi peke yake, watu peke yao, madoa peke yake, na mchoraji wa Tingatinga anapoziona kwa mara ya kwanza huhisi kwamba amefika mahali anapopafahamu.

Lakini kuna mambo ambayo kifaa hiki hakiwezi, na ni vizuri yasemwe na sisi tunaokitumia. Kioo hutengeneza rangi zake kwa mwanga, mwekundu, kijani na bluu, na mwanga ukichanganywa wote unakuwa mweupe. Rangi ya kopo hufanya kinyume chake, maana kila unachoongeza kinameza sehemu ya mwanga, na ukichanganya zote unapata tope. Kwa hiyo bluu ya alfajiri niliyoipenda kwenye kishikwambi haikuwemo katika kopo lolote la Kariakoo, wala isingeweza kuwemo. Nilikaa siku mbili nikichanganya bluu, nyeupe na tone la kijani katika vifuniko vya makopo, na bluu niliyoipata mwishoni si ile ya kioo hata kidogo. Ni nzito zaidi, ina mng'ao wa mafuta, na saa kumi na mbili jioni, taa ikiwa haijawashwa, inaonekana karibu nyeusi. Kwa maoni yangu ni bora kuliko ile ya kioo, ila nisingeitafuta kama kioo kisingenionyesha mahali pa kuielekea.

Jambo la pili ni mstari. Picha ya kwanza niliyoimulika kwa projekta, miaka sita iliyopita, niliifuata mistari yake yote kwa uaminifu, usiku, katika chumba chenye giza, nikiwa nimesimama pembeni ili kivuli changu kisifunike kanvasi. Nilipowasha taa niliona kazi iliyonyooka na isiyo na uhai. Mjomba alikuja asubuhi akaitazama kwa muda, akaniuliza kwa nini ndege wote wana shingo za unene mmoja. Alikuwa amesema kweli: mkono unaofuata mwanga unakwenda kwa mwendo mmoja, wakati mkono unaotunga unakaza na kulegea. Tangu siku ile ninamulika alama chache tu, mahali pa vichwa, mahali pa miguu, ukingo wa maji, kisha ninazima projekta na kuwasha taa, na mistari mingine yote naichora kwa jicho. Hili ni fundisho la mkono, na vijana wanaoanzia kwenye kioo bila kupitia miezi miwili ya vitone hawalipati. Hapo msomaji wetu ana hoja ambayo siwezi kuipinga, nami ningependa kuona mafundi wetu wazee wakialikwa kufundisha vitone na ardhi ya picha katika kila warsha ya sanaa ya kidijitali itakayofanyika, iwe pale Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kule Mikocheni, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iwe chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo.

Wenzetu wa nje wamekwisha kupita njia hii, na mifano yao ina faida kwetu kwa sababu moja tu, nayo ni uwazi. David Hockney wa Uingereza, ambaye alikuwa ameshachora kwa rangi kwa zaidi ya nusu karne, alianza kuchora kwa kidole kwenye simu mwaka 2009 na kwenye iPad mwaka 2010; kazi yake ya mwaka 2011 kuhusu majira ya kuchipua kule Yorkshire ina picha moja kubwa ya rangi ya mafuta iliyogawanywa katika kanvasi 32 pamoja na michoro 51 ya iPad iliyochapwa kwenye karatasi, na kila kimoja kimetajwa kwa jina lake, cha mafuta kikaitwa cha mafuta na cha iPad kikaitwa cha iPad. Albert Oehlen wa Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alichora mistari kwa kompyuta ya wakati huo ambayo haikuweza kutoa mstari wa mshazari bila kuukatakata kama ngazi, akaichapa kwenye kanvasi na kuiendeleza kwa brashi bila kuzificha ngazi zile. Aliye karibu zaidi nasi ni Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970 na kukulia Marekani, ambaye huchukua picha za habari zilizopigwa kwa kamera, akazivuruga kwa kompyuta hadi sura zake zisitambulike, kisha huzifanya kuwa ardhi ya kanvasi kubwa ambayo juu yake huchora na kufuta kwa mkono kwa miezi mingi. Hakuna anayebisha kwamba hao ni wachoraji. Wala mnunuzi wao halazimiki kukisia kama ni printa au ni brashi, kwa maana maelezo ya kazi yanasema ni nini kilichofanywa na kwa kifaa gani.

Kwetu hali ni tofauti, na hapa ndipo uchungu wa msomaji wetu unapostahili kuelekezwa. Kuna picha nyingi zinazouzwa kwa wageni na hata kwa wenyeji katika mji huu ambazo ni nakala zilizochapwa kwenye kitambaa, zikapitishwa brashi hapa na pale, zikauzwa kwa jina la picha za mkono. Njia yake ni nyepesi. Mtu anaipiga picha kazi ya mwenzake kwa simu, au anaichukua kwenye mtandao, anaipeleka inakochapwa mabango, inatoka kwenye kitambaa cha kanvasi kwa ukubwa wowote anaoutaka, kisha fundi mmoja anaipakia vitone vyeupe hamsini na kuweka sahihi. Mwaka juzi niliona picha yangu mwenyewe ya pweza na wavuvi ikitundikwa katika duka moja, kubwa kuliko ile niliyoichora, na jina lililoandikwa pembeni si langu. Nilijua ni yangu kwa sababu katika ile ya kwanza nilikosea mkono mmoja wa pweza nikaufunika kwa kundi la dagaa, na dagaa wale walikuwepo, wote ishirini na mmoja, hadi yule niliyemsahau jicho. Nilimwuliza muuzaji nani ameichora. Akanijibu, "Dada, hizi zinakuja tu."

Kwa kuwa wanunuzi wengi hawajui la kutazama, naomba niandike hapa kile ambacho kila fundi anakijua. Rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi ina kimo. Kila kitone kimesimama kama punje ya mtama iliyokatwa nusu, na ukipitisha ncha ya kidole taratibu, kwa ruhusa ya mwenyewe, unakihisi. Iinamishe picha mbele ya dirisha: mwanga utavunjika kwenye kingo za rangi, utaona mahali brashi ilipoanza na ilipoishia, na utaona kwamba nyeusi ya mstari wa mwisho imepanda juu ya rangi nyingine na haikukaa nazo sambamba. Wino wa printa hauna kimo. Umelala ndani ya nyuzi za kitambaa, na ukitumia kioo cha kukuzia, au hata kamera ya simu iliyosogezwa karibu sana, utaona kwamba rangi ya chungwa si chungwa bali ni nukta ndogo mno za njano na za waridi zilizochanganyikana na nyingine. Tazama pia ukingo wa fremu, pale kitambaa kinapokunjwa na kupigiliwa. Kwenye picha ya mkono utakuta rangi imemwagika ovyo, alama za vidole, wakati mwingine jaribio la rangi; kwenye iliyochapwa utakuta ukingo mweupe safi uliokatwa kwa rula, au picha yenyewe ikiendelea hadi nyuma bila kukosea. Na ukikuta vitone vyenye kimo juu ya twiga asiye na kimo, hapo umekwisha kujua.

Sisemi kwamba kuchapa ni dhambi. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1972, ilikuwa na karakana ya kuchapa ambamo George Lilanga na wenzake walitengeneza michoro iliyochongwa kwenye mabamba ya madini kisha ikachapwa kwenye karatasi, na utaratibu wa kazi kama hizo unajulikana: nakala huhesabiwa, kila moja huandikwa namba yake na jumla ya nakala zote, mchoraji akaweka sahihi kwa penseli chini ya picha. Mnunuzi anajua kwamba amenunua ya saba kati ya thelathini, na analipa bei ya nakala. Nami nachapa nakala za baadhi ya picha zangu kwenye karatasi, naziandika namba, na mwalimu wa shule au kijana anayepanga chumba chake cha kwanza anaweza kuzimudu. Kosa linaanza pale nakala inapovishwa vitone ili ionekane kuwa kitu kingine, na mchoraji aliyekaa siku kumi na moja juu ya mnada wa Feri anaposhindana sokoni na mashine iliyomaliza kazi kabla chai haijapoa.

Jambo hili limezidi kuwa la haraka kwa sababu ya akili mnemba. Siku hizi mtu akiandika maneno machache, tembo, mbuyu, Tingatinga, programu inampa picha kwa sekunde chache, na picha hiyo ikichapwa kwenye kanvasi na kupakwa vitone inaingia sokoni kwa njia ile ile niliyoieleza. Kuna historia ndefu ya wachoraji kushirikiana na mashine inayochora. Harold Cohen, mchoraji Mwingereza aliyehamia California, alianza katika miaka ya 1970 kuandika programu aliyoiita AARON, ambayo ilichora mistari yenyewe, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiipaka michoro hiyo rangi kwa mkono. Lakini Cohen aliiandika programu yake mwenyewe, kanuni moja baada ya nyingine, kutokana na yale aliyoyajua kuhusu uchoraji. Programu za leo zimefunzwa kwa picha zilizokusanywa mtandaoni kwa mamilioni bila wachoraji wake kuulizwa, na kwa kuwa zinatoa wanyama wa Tingatinga, ni wazi kwamba picha za mafundi wetu zimo humo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha yangu ya pweza. Haiulindi mtindo wa kuchora, na mtindo huu ndio uliolisha familia nyingi za Msasani tangu mafundi walipounda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Ofisi ya Hakimiliki na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) wangefanya jambo kubwa kama wangekaa na wachoraji mapema kulizungumza hili, kabla maduka hayajajaa tembo wasio na mwenyewe.

Ninachokiomba kwa sasa ni kidogo na hakihitaji sheria mpya. Kamati za maonyesho ziliondoe lile swali la ndiyo au hapana, kwa kuwa halimfichui anayedanganya, na badala yake zimtake kila mchoraji aandike mgongoni mwa picha, kwa kalamu isiyofutika na kwa Kiswahili kinachoeleweka, mchoro wa awali ulitengenezwa kwa kifaa gani, ulihamishiwaje kwenye kanvasi, rangi ni ya aina gani na imepakwa na nani, na kama chini ya rangi kuna kitu chochote kilichochapwa. Maneno hayo hayo yaandikwe kwenye kibandiko cha ukutani. Kamati inayotaka picha za brashi peke yake iendelee kuzitaka, ila izitazame picha zenyewe dhidi ya mwanga, jambo linalochukua dakika moja kwa kila picha, kuliko kutegemea fomu. Na wenye maduka watakaokubali kuuza picha zilizoandikwa hivyo watajikuta na kitu cha kumwonyesha mgeni anayeuliza, kama wengi wanavyouliza sasa, kwamba hii ni ya kweli?

Mwenzangu mmoja, fundi mzuri sana, aliniambia kwamba nikiandika neno kishikwambi mgongoni mwa picha hakuna atakayeinunua. Nilikuwa na hofu hiyo pia. Nimeandika hivyo kwa picha zote nilizozitengeneza tangu mwezi wa Januari, na zilizouzwa hazikupungua. Mama mmoja wa Upanga aliyeigeuza ile picha ya Feri na kusoma maandishi yake aliomba aone na ule mchoro wa kwenye kishikwambi, akakaa kibandani karibu saa nzima akilinganisha mahali nilipomfuata dalali na mahali nilipomwacha, kisha akaniuliza kwa nini bluu zao si moja. Picha aliyoinunua ilikuwa nyingine, ndogo, ya ngalawa mbili. Ile ya Feri bado iko ukutani kwangu, na mgongoni mwake pameandikwa: mchoro wa awali kwenye kishikwambi, alama thelathini kwa projekta, mistari mingine kwa jicho, rangi ya mafuta ya kopo tabaka sita, hakuna kilichochapwa. Kamati iliyoirudisha inakaribishwa kuja kuitazama dhidi ya dirisha siku yoyote.

Wako,
Mchoraji,
Msasani, Dar es Salaam